Tui la boksi, la kopo, la unga na la kukuna: lipi linafaa supu nzito ya mboga?

Kwa wengi wetu neno supu lina maana moja: mchuzi mwepesi wa mbuzi au wa pweza, unaonywewa asubuhi kwa chapati, ukakamuliwa ndimu na kutiwa pilipili. Supu inayopimwa hapa ni nyingine. Ni mboga zilizochemshwa hadi zikalainika, zikasagwa zote na maji yake, kisha zikatiwa kitu chenye mafuta ili ziteleze mdomoni. Kwa uzito iko karibu na uji kuliko supu ya pweza. Ndiyo inayoshibisha vizuri Njombe, Makete, Lushoto na Limuru Juni ikishaingia, na ndiyo inayookoa jioni za Novemba kwa Waswahili walio London au Minneapolis. Mapishi mengi huitilia krimu ya maziwa. Asiyetumia maziwa, ama kwa kuwa tumbo lake halipatani na laktosi (sukari ya maziwa), ama ana aleji ya protini ya maziwa, ama hali kabisa vitu vya mnyama, hana haja ya kutafuta mbali: tui lipo.

Tabu ni kwamba kwenye rafu moja ya duka jina hilo limebandikwa juu ya vitu vinne au vitano visivyofanana. Picha ya nazi iliyopasuliwa iko kwenye vyote, na bei haisaidii kuvitenganisha. Kuna kinachofanya supu iwe kama hariri na kuna kinachoifanya iwe maji ya boga yenye harufu ya nazi. Tofauti iko kwenye namba moja iliyo nyuma ya pakiti.

Mafuta kwanza, jina baadaye

Kiwango cha mwaka 2003 cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, kinalipanga tui kwa mafuta yake. Tui jepesi lisipungue asilimia 5, tui la kawaida lisipungue 10, krimu ya nazi isipungue 20, na krimu iliyokolezwa isipungue 29. Angalia nafasi iliyopo kati ya 10 na 20. Makopo mawili yaliyoandikwa "tui la nazi" yanaweza kuwa na asilimia 11 na asilimia 19, yote halali, na supu mbili zitakazotoka hazitaonana hata kwa mbali.

Supu ya watu wanne, lita moja na nusu hivi, inataka gramu 40 za mafuta ya nazi. Chini ya gramu 30 inakuwa kavu ulimini, juu ya 60 inakinaisha kabla bakuli halijafika nusu. Basi piga hesabu. Boksi la mililita 200 lenye asilimia 22 lina gramu 44: linaingia lote. Kopo la mililita 400 lenye asilimia 17 lina gramu 68: mimina mililita 240, zilizobaki ziwe za maharage ya kesho. Kopo la asilimia 10 linaingia lote, lakini umeongeza zaidi ya mililita 300 za maji pasipo kukusudia, kwa hiyo punguza maji ya kuchemshia kwa mililita 200. Tui jepesi la asilimia 5 lingehitajika mililita 800. Hapo hakuna supu tena.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayosema lipi ni rahisi kwa bei. Usigawe bei kwa mililita, igawe kwa gramu za mafuta. Mara nyingi boksi dogo linaloonekana ghali ndilo nafuu, na kopo kubwa la bei poa limejaa maji. Usichanganye asilimia ya mafuta na ile ya "nazi" inayoandikwa kwa herufi kubwa mbele. Nazi asilimia 60 ni kiasi cha nazi iliyokamuliwa kilichomo, na nazi yenyewe hutofautiana. Geuza pakiti, soma jedwali.

Supu ya kipimo

Ili kulinganisha tui na tui, mboga lazima zibaki zilezile. Kipimo chetu ni hiki: boga lililomenywa gramu 600, kiazi mviringo kimoja cha gramu 150, kitunguu maji kimoja cha gramu 120, punje 3 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha sentimita 3, vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya kupikia, maji mililita 600, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, na tui.

Boga na kiazi vikatwe vipande vya sentimita 2, visizidi. Hapo ndipo haraka inapopatikana, wala si kwenye moto mkali. Kaanga kitunguu kwa moto wa chini dakika 6 mpaka kiwe laini na king'avu bila kubadilika rangi. Kikiungua, supu nzima inakuwa ya rangi ya udongo na ina uchungu wa mbali. Tangawizi na saumu zilizopondwa ziingie dakika ya mwisho tu. Tia boga, kiazi, chumvi na maji, funika, ichemke kwa moto wa kati dakika 12 hadi 15. Kiazi kikichomwa kwa uma kikapasuka chenyewe, zima moto. Saga. Rudisha kwenye moto mdogo, tia tui, koroga dakika 2, onja chumvi. Kuanzia kisu mpaka bakuli ni dakika 30 kwa mtu asiye na mkono mwepesi.

Nyanda za juu zina neno lao hapa. Kila mita 300 za kupanda, maji huchemka kwa nyuzi 1 pungufu. Nairobi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, Njombe 93. Dakika 12 za Tanga zinakuwa 16 au 17 Njombe, na karoti hudai zaidi. Anayefuata muda wa kitabu bila kuchoma kiazi kwa uma husaga mboga zilizo nusu mbichi, halafu akaona supu ina chengachenga, akalaumu blenda.

Kiazi hakikuwekwa ili kujaza sufuria. Wanga wake ndio unaofanya kazi kubwa ya uzito, na tui linakuja juu yake kutoa mtelezo. Anayetegemea tui peke yake atamaliza makopo mawili na supu bado itajitenga bakulini, maji pembeni na boga katikati. Badala ya kiazi unaweza kutia vijiko 2 vya mchele uliooshwa, uingie pamoja na maji na uchemke dakika 20. Mchele hauvuti kama gundi ukisagwa sana. Kiazi huvuta.

La boksi

Haya ni maboksi madogo ya mililita 200 yaliyopitishwa kwenye joto kali kwa sekunde chache kabla ya kufungwa, hivyo hukaa kabatini miezi bila friji. Mengi ni krimu ya nazi kwa kipimo cha Codex, asilimia 20 hadi 24. Kwa supu ya haraka hakuna kinacholipiku. Boksi moja ni sufuria moja, hakuna cha kupima wala cha kuhifadhi. Kwa kuwa mengi yana gamu kidogo ya kushikilia mafuta na maji pamoja, supu inaweza kuchemka kwa bahati mbaya tui likiwa ndani na lisikatike, yaani mafuta yasijitenge na maji.

Kasoro zake ni mbili. Harufu yake ya nazi ni ya kupikwa, haina ule ubichi wa nazi iliyokunwa sasa hivi. Kwenye boga lenye tangawizi haionekani, kwenye koliflawa inaonekana. Ya pili ni ya baridi: asubuhi ya Julai boksi likifunguliwa hutoa donge jeupe badala ya kumiminika. Libonyebonye kabla ya kulikata, au liweke kwenye maji ya moto dakika 5 likiwa limefungwa. Alama 9 kati ya 10.

La kopo

Kopo zuri lina mafuta asilimia 17 hadi 19 na orodha fupi ya vilivyomo: nazi, maji, pengine gamu ya guar. Lisilo na gamu hujitenga sana, na watu wengi hulirudisha dukani wakidhani limeharibika. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24. Jikoni kwa mtu wa Makete mwezi wa Julai joto haliifikii namba hiyo kutwa nzima, basi tabaka gumu juu na maji ya kijivujivu chini ndiyo hali yake ya kawaida. Ladha ikiwa safi, harufu ikiwa ya nazi, ni zima.

Kujitenga huko kuna faida yake kwa anayejua. Fungua bila kutikisa, chota tabaka la juu kwa kijiko liwe la kumalizia supu, na yale maji ya chini yatie mwanzoni pamoja na maji ya kuchemshia mboga. Hakuna kinachopotea, na krimu inaingia ikiwa nzito kama ya boksi. Ukitaka lichanganyike, liloweke kopo kwenye maji ya moto dakika 10 ndipo ulitikise. Kutikisa kopo lililoganda ni kujichosha.

Kopo lililovimba, lililoota kutu kwenye mshono, au lililobonyea palepale penye mshono halijadiliwi, ni la jalalani. Lililofunguliwa lisihifadhiwe ndani ya bati lake. Lihamishie chombo cha kioo au plastiki chenye mfuniko, friji siku 3 au 4. Alama 8, na moja imepunguzwa kwa zile mililita 160 zinazobaki na kusahaulika nyuma ya friji.

La unga

Hapa ndipo panapohitaji macho. Unga wa tui hutengenezwa kwa kukausha tui kwa hewa ya moto, na tui lina mafuta mengi mno kukauka peke yake. Watengenezaji huongeza maltodekstrini, unga utokanao na wanga, na wengi huongeza kazeinati ya sodiamu, ambayo ni protini ya maziwa ya ng'ombe. Mbele ya pakiti pameandikwa nazi, nyuma mna maziwa. Kwa mwenye tatizo la laktosi peke yake huenda isimdhuru, lakini kwa mwenye aleji ya protini ya maziwa ni hatari, na kwa asiyekula vya mnyama ni udanganyifu. Tafuta neno lolote lenye herufi "casein" au "milk" (isiyo ile ya "coconut milk") katika orodha ya viungo, pamoja na ile sentensi ya aleji iliyowekewa wino mzito. Zipo aina zisizo na maziwa, na kwa kawaida husema hivyo waziwazi.

Ukipata isiyo na maziwa, kazi inawezekana. Unga una mafuta asilimia 60 hivi, kwa hiyo gramu 65 zinatosha sufuria ya kipimo. Usiumwage moja kwa moja kwenye supu inayochemka: tabaka la nje la kila bonge hulowa na kufunga, ndani unabaki mkavu, na utakutana na vidonge vyeupe bakulini. Koroga kwanza na mililita 150 za maji ya uvuguvugu hadi yawe laini, chuja, ndipo utie. Maltodekstrini ina utamu wake, na boga lina wake. Vikikutana supu inaelekea kwenye kitindamlo. Dawa ni ndimu bakulini na pilipili manga zaidi kidogo. Ni bidhaa ya bweni, ya safari, ya mahali ambapo kubeba makopo ni mzigo. Alama 5. Yenye kazeinati, kwa mada yetu, sifuri.

La kukuna

Kwa harufu na ladha hakuna mashindano. Anayeishi Tanga, Mafia, Unguja, Kilifi au Lamu na akanunua boksi la supu ana haraka kweli.

Chagua nazi kavu iliyokomaa: itikise usikie maji yakigonga, na tazama macho yake matatu yasiwe na unyevu wala ukungu. Nazi isiyo na sauti ya maji mara nyingi imepasuka na imeingia ukakasi. Koroma halifai, nyama yake ina maji mengi na mafuta kidogo. Nazi moja kubwa ikikunwa kwa mbuzi na kukamuliwa na mililita 200 za maji hutoa kasimile, lile tui zito la kwanza, takriban mililita 250. Ndilo la kumalizia supu. Rudia machicha na mililita 400 za maji, tui jepesi linalotoka litumike kuchemshia mboga badala ya maji matupu. Hapa tui la kukuna linawapita wenzake wote, kwa sababu boga linaiva ndani ya nazi. Ukitumia tui la pili hivyo, acha mfuniko wazi kidogo, linapenda kufurika.

Maji ya kukamulia yawe ya uvuguvugu, ya kuvumilika kwa mkono. Pwani hili halina uzito sana kwa kuwa bomba lenyewe hutoa maji ya nyuzi 27 au 28. Juu milimani maji ya bomba ni ya baridi, mafuta yanaganda ndani ya machicha na kifumbu kinatoa maji meupe tu. Wapo wanaosema nazi zinazopandishwa milimani hazina tui. Zina tui, limebaki kwenye machicha. Wasio na mbuzi wakate nyama ya nazi vipande vidogo, waisage kwenye blenda na maji hayohayo ya vuguvugu kwa dakika moja, kisha wachuje kwa kitambaa safi, si kwa chujio la chai. Chenga za nazi zikipita hazisagiki tena, zitakwaruza koo katika supu inayotakiwa kuwa laini.

Halina gamu, basi linakatika. Sababu ni kwamba matone ya mafuta ndani ya tui yamefungwa na utando wa protini za nazi, na joto likizidi nyuzi 80 protini hizo huanza kugandana, utando unaachia, mafuta yanaelea. Asidi hufanya vivyo hivyo hata kabla ya joto kufika huko. Wapishi wa pwani wanaokoroga mchuzi bila kuacha, wakiinua tui kwa upawa na kulirudisha hadi lichemke la kwanza, wanazuia sehemu ya chini isipate moto mkali kuliko ya juu. Kwenye supu iliyosagwa kazi hiyo ni nyepesi: wanga wa kiazi umeshaifanya nzito, na matone ya mafuta hayakimbii kirahisi ndani ya kitu kizito. Ndiyo maana tui huingia baada ya kusaga, kamwe si kabla. Moto uwe mdogo, supu ifuke moshi bila kutokota, dakika 2 basi.

Tui bichi halikai. Kwenye joto la pwani saa chache linachachuka, kwenye friji lisipite kesho yake. Kwenye friza linakaa wiki kadhaa, na ukiliyeyusha limejitenga, lipashe na ulikoroge. Alama 10 kwa ladha, 4 kwa haraka.

Vya kuachwa rafuni

Waliopo Ulaya na Marekani wanawekewa mitego miwili zaidi. Kuna krimu ya nazi iliyotiwa sukari nyingi kwa ajili ya vinywaji vya baa, jina lake kwenye kopo linafanana na la krimu ya kupikia. Soma sukari, ikizidi gramu 10 kwa 100 rudisha. Halafu kuna maboksi ya lita moja yanayokaa pamoja na maziwa ya shayiri na lozi. Ni kinywaji cha kumimina juu ya nafaka ya asubuhi, mafuta asilimia 1 au 2, na hayafanyi lolote ndani ya sufuria.

Asiyependa ladha ya nazi ana korosho. Gramu 70 za korosho mbichi zisizo na chumvi ziloweke kwenye maji ya moto nusu saa, zisage na mililita 150 za maji hadi usisikie chenga kati ya vidole. Hutoa weupe na uzito bila harufu inayotawala, inakubali ndimu bila kukatika, ila huzidi kuwa nzito kila ikipata moto, basi weka maji ya moto karibu. Kwa koliflawa tungechagua korosho mbele ya tui lolote la dukani. Siagi ya karanga nayo, licha ya jina, haina maziwa. Kijiko kimoja na nusu kwenye supu ya viazi lishe ni jambo zuri, vijiko vitatu ni mchuzi wa karanga.

Maziwa kujificha hayaishii kwenye unga wa tui. Baadhi ya vidonge vya kuungia supu na baadhi ya majarini vina maziwa ya unga au laktosi. Mafuta ya kupikia na chumvi havihitaji upelelezi.

Kusaga

Blenda ya mkono, ile ya fimbo, inatosha, na ndiyo salama. Izamishe kichwa chote kabla ya kuwasha, iinamishe kidogo hewa itoke, usiinue ikiwa inazunguka. Sekunde 60 hadi 90. Blenda ya jagi inasaga laini zaidi lakini supu ya moto ndani yake ni mvuke uliofungiwa: jaza isizidi theluthi, toa kile kifuniko kidogo cha katikati, ziba kwa taulo iliyokunjwa, anza na kasi ya chini. Aliyejaza jagi na kuanza na kasi ya juu hufuta boga ukutani, akibahatika asifute mkononi.

Ukiona supu inanyooka kama gundi, umesaga kiazi kupita kiasi, chembe za wanga zimepasuka. Hairudi nyuma, ongeza maji ya moto mililita 100 na ndimu bakulini, italika. Ikiwa nyepesi mno, boga lilikuwa la maji, kama yalivyo mengi makubwa ya mvua za mwisho. Usiongeze tui. Chemsha bila mfuniko dakika 5 kabla ya tui, au mara nyingine chagua boga dogo lililo zito mkononi, nyama yake ya chungwa iliyokolea. Rangi ikipauka, robo kijiko cha chai cha binzari ya manjano, iingie na kitunguu ili mafuta yaifungue.

Limekatika? Matone ya mafuta yanaelea, supu ina punjepunje nyeupe. Zima moto, zamisha blenda sekunde 15. Macho hayataona tena kosa, na mdomo nao karibu usione. Lakini usiichemshe mara ya pili.

Nyanya, ndimu, ukwaju: vyote vije mezani, kila mtu bakulini mwake. Giligilani pia, pamoja na mbegu za boga lilelile zilizooshwa, zikakauka na kukaangwa bila mafuta mpaka zianze kuruka.

Mboga nyingine zinafuata njia hiyohiyo kwa marekebisho madogo. Karoti zikatwe nusu sentimita na zipewe dakika 20, hazisamehe. Viazi lishe havihitaji kiazi mviringo, ila maji yapande hadi mililita 750. Koliflawa dakika 10 tu, ikizidi inatoa harufu ya yai bovu. Mchicha uingie dakika 2 za mwisho na usagwe papo hapo, ukisubiri unakuwa wa rangi ya kaki, na hakuna tui la kuurudisha.

Supu iliyobaki ikipoa usiku wa baridi hutengeneza utando wa mafuta yaliyoganda juu, kama mchuzi wa nyama. Usiuchote, ndiyo krimu yenyewe. Ipashe kwa moto mdogo na maji vijiko vitatu vinne, koroga mpaka utando uyeyuke. Unayetaka kuigandisha kwenye friza tumia mchele badala ya kiazi, na uache tui lisubiri siku ya kuipasha: kiazi kikigandishwa kinatoka kama sponji, na tui linatoka limeshakatika.